Faili ni lako, mlango ni wa nani?

Karibu kila familia yetu hapa Brussels ina diski moja ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Humo kuna harusi ya Bukavu, ubatizo wa Bujumbura, mazishi ya babu kule Kigoma, na picha za watu ambao shangazi peke yake ndiye anayewajua kwa majina. Halafu siku moja unaichomeka kwenye kompyuta mpya, na kompyuta inakuambia kwa adabu kabisa: diski hii haisomeki, je, niifomati? Ukibonyeza ndiyo kwa haraka, basi, kwisha habari yake.

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea juu ya kutunza kumbukumbu za wazee wetu. Swali moja tuliliacha nusu njia kwa sababu muda ulituishia: kwa nini diski ileile ifunguke kwenye kompyuta moja na igome kwenye nyingine? Wengi wanadhani ni mambo ya ufundi tu. Ufundi upo, ndiyo, lakini nyuma yake kuna sheria, tena sheria ambayo sehemu yake kubwa ilipiganiwa humu humu mjini kwetu, vituo vichache tu vya metro ukitoka Matonge kwenda Schuman. Historia hiyo ndiyo tunayoisimulia leo. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Daftari la karani

Tuanze polepole. Fikiria godauni kubwa la bandarini. Mizigo imejaa kila kona. Karani ana daftari linaloonyesha mzigo gani uko wapi, ni wa nani, uliingia lini. Daftari likipotea mizigo bado ipo, ila hakuna anayejua pa kuanzia kutafuta. Diski yako ni hilo godauni. Mfumo wa faili ndio daftari.

Sasa kila kampuni ina mwandiko wake. Microsoft ilianza na FAT mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaleta NTFS mwaka 1993 pamoja na Windows NT, kisha exFAT mwaka 2006. Apple ina mifumo yake, na Linux, ule mfumo endeshi huria ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, una yake pia. Ukitaka Linux isome diski ya Windows, lazima mtu akae chini aandike programu inayoelewa mwandiko wa karani wa Microsoft.

Hapo anakutana na kufuli tatu. Ya kwanza ni siri: kampuni haijachapisha maelezo, kwa hiyo unabahatisha. Ya pili ni hakimiliki: huwezi kuchukua msimbo wa mwenzako ukaunakili. Ya tatu ni hataza, ile ambayo huku Ubelgiji utasikia ikiitwa brevet: haki ya kumiliki mbinu yenyewe, kwa kawaida miaka 20. Tofauti ya hizi mbili za mwisho ni muhimu sana, ishike. Hakimiliki inakuzuia kunakili. Hataza inakuzuia hata kama hukunakili chochote, hata kama ulibuni mwenyewe chumbani kwako bila kuona kazi ya mtu.

1991: ruhusa ya kufungua

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jumuiya ya Ulaya iliamua kuandika sheria moja ya hakimiliki ya programu za kompyuta kwa nchi zote wanachama. Ikazuka vita ya ushawishi kati ya kambi mbili. Upande mmoja, SAGE, ulikuwa na wakubwa kama IBM na Microsoft, waliotaka iwe marufuku kuifungua programu ili kuona inavyofanya kazi. Upande mwingine, ECIS, ulikuwa na kampuni kama Bull, Olivetti na Fujitsu, ambazo zilijua kwamba zisiporuhusiwa kuangalia, hazitaweza kutengeneza kitu chochote kinachoelewana na mashine za wakubwa.

Tarehe 14 Mei 1991 ikatoka Maagizo nambari 91/250. Ni maafikiano, lakini ndani yake kuna kifungu cha 6 ambacho mpaka leo wanasheria wa teknolojia wanakijua kwa kichwa. Kinasema kwamba mtu mwenye nakala halali ya programu anaweza kuifungua na kuirudisha kwenye hali ya kusomeka, bila kumwomba mwenye haki ruhusa, ikiwa anahitaji habari za kuwezesha programu nyingine ielewane nayo. Yapo masharti: habari hizo ziwe hazipatikani kwa urahisi kwingine, na ufungue sehemu zile unazozihitaji tu. Tena, mkataba unaokukataza kufanya hivyo ni batili. Yaani hata kama ulibonyeza "nakubali" bila kusoma, kama tunavyofanya wote, haki hiyo haikuondoki. Ubelgiji iliyaingiza maagizo hayo kwenye sheria zake tarehe 30 Juni 1994.

Kwa hiyo kufuli ya hakimiliki ilipata ufunguo mapema. Kufuli ya siri ilibaki, na ya hataza hata haikuguswa.

Kujifunza lugha kwa kusikiliza

Mwishoni mwa mwaka 1991, upande wa pili wa dunia, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, Andrew Tridgell, alikuwa ameanza kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Kazi yake: kuifanya seva isiyo ya Windows itoe faili kwa kompyuta za Windows kupitia mtandao. Tuwe sahihi hapa: Samba haisomi diski, inazungumza lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kuombana faili. Lakini tatizo ni lilelile, kwa sababu maelezo kamili ya lugha ile Microsoft haikuyatoa.

Tridgell hakufungua msimbo wa mtu. Alikaa akasikiliza mtandaoni kompyuta mbili zikiongea, akaandika zinachosema, akajaribu kujibu. Yeye mwenyewe alikuja kulieleza hivi: ni kama umeingia kwenye mkahawa wa Wafaransa na hujui Kifaransa hata neno. Unakaa, unasikiliza. Mteja anatamka kitu, mhudumu analeta mkate. Kesho unatamka hivyohivyo, unaona utaletewa nini.

Sisi tuliolelewa huku tunaijua njia hiyo bila kuelezwa. Nani kati yetu alifundishwa Kiswahili kwa kitabu cha sarufi? Tulikaa jikoni. Mama akisema "nipe mwiko" na dada akatoa mwiko, tumejifunza. Ila njia hiyo ina kikomo chake, na hilo pia tunalijua. Siku wazee wakigeukia mambo mazito, utasikia nusu tu. Samba nayo ilifikia hapo. Windows 2000 ilipotoka na mfumo mpya wa kusimamia watumiaji na ruhusa zao, kusikiliza peke yake hakukutosha tena.

Kesi iliyobaki na wasio na pesa

Desemba 1998 kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems ilipeleka malalamiko Tume ya Ulaya hapa Brussels: Microsoft inawanyima washindani habari za kuwezesha seva zao zielewane na Windows. Tarehe 24 Machi 2004, chini ya Kamishna wa Ushindani Mario Monti, Tume ikatoa uamuzi. Microsoft imetumia vibaya nguvu yake sokoni. Faini euro milioni 497, na ndani ya siku 120 itoe maelezo kamili ya jinsi seva zake zinavyozungumza.

Microsoft ikakata rufaa Luxembourg. Na hapa ndipo hadithi inaponoga. Aprili 2004 Sun ilipatana na Microsoft kwa karibu dola bilioni 2 na ikajiondoa. Novemba mwaka huohuo Novell nayo ikapatana kwa dola milioni 536. RealNetworks ikafuata mwaka 2005. Mmoja baada ya mwingine, wakubwa waliochochea kesi walichukua chao wakaondoka. Miongoni mwa waliobaki upande wa Tume mahakamani walikuwa kikundi cha Samba na taasisi ya programu huria ya Ulaya, FSFE, wakiwa na wakili wao Mwitalia, Carlo Piana. Watu wa kujitolea, mbele ya kampuni iliyokuwa miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani.

Tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ikaunga mkono uamuzi wa Tume karibu wote. Mwezi uliofuata, Kamishna Neelie Kroes akatangaza makubaliano: maelezo yatapatikana kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Tarehe 20 Desemba 2007, taasisi iliyoundwa kwa ajili hiyo ililipa pesa hizo, na waandishi wa Samba wakapata nyaraka. Masharti yalikuwa kwamba nyaraka zenyewe zibaki siri, lakini msimbo watakaouandika kutokana nazo unaweza kuwa wazi kwa wote. Faini za Microsoft kwa kuchelewesha utekelezaji ziliendelea kupanda hata hivyo: euro milioni 280.5 mwaka 2006, kisha milioni 899 mwaka 2008, ambazo mahakama ilizipunguza hadi 860 mwaka 2012.

Kufuli ya siri ikavunjwa, basi? Kwa lugha ya seva, ndiyo. Lakini makubaliano yaleyale yaliziacha hataza za Microsoft zikiwa hai. Waandishi wa Samba walipewa orodha yake ili wajue pa kukwepa. Kuzitumia ni bei nyingine.

Hataza kwenye kikao cha samaki

Wakati kesi hiyo ikiendelea, jiji hilihili lilikuwa linapigania kufuli ya tatu. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973 unasema programu za kompyuta, zikiwa programu tu, hazipewi hataza. Lakini ofisi ya hataza kule Munich ilikuwa imeshatoa nyingi zinazohusu programu. Februari 2002 Tume ikapendekeza maagizo mapya ya kulinganisha sheria za nchi wanachama. Wapinzani wakasema pendekezo hilo linahalalisha mlango wa nyuma. Tarehe 27 Agosti 2003 waandishi wa programu waliandamana hapa Brussels, watu ambao kwa kawaida hawaandamani hata kidogo.

Mwezi uliofuata Bunge la Ulaya lililibadilisha pendekezo vibaya sana kwa wenye hataza. Mojawapo ya vifungu vipya kilisema kwamba kutumia mbinu yenye hataza ili tu mifumo miwili ya kompyuta iweze kubadilishana data hakuhesabiki kuwa ukiukaji. Soma tena sentensi hiyo. Kifungu hicho kingemaliza suala la diski yako siku hiyohiyo.

Hakikupita. Mwaka 2004 mawaziri wa nchi wanachama walikiondoa pamoja na mabadiliko mengine mengi. Desemba 2004 walitaka kupitisha toleo lao bila mjadala, na kikao kilichokuwa karibu kilikuwa cha mawaziri wa kilimo na uvuvi. Ni kweli, sheria ya programu iliwekwa kwenye ajenda ya samaki. Naibu waziri wa Poland, Włodzimierz Marciński, akafika akaomba iondolewe. Ikaondolewa. Mawaziri wakaja kuipitisha Machi 2005, na tarehe 6 Julai 2005 Bunge likaitupa nje yote: kura 648 dhidi ya 14, wengine 18 hawakuegemea upande wowote.

Wanaharakati walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tazama kilichobaki mezani. Maagizo mabaya hayakupita, na kile kifungu kizuri nacho hakikupita. Munich iliendelea kutoa hataza kama kawaida yake.

HARUSI~1

Gharama yake ilionekana Februari 2009. Microsoft iliishtaki TomTom, kampuni ya Amsterdam ya vifaa vya kuonyesha njia, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeinunua Tele Atlas, watengeneza ramani wenye ofisi kubwa pale Gent. Mashtaka yalifunguliwa Marekani na yalihusu hataza nane. Mbili kati yake zilikuwa za FAT.

Hataza hizo zilihusu nini? Majina. FAT ya zamani iliruhusu jina la herufi nane na nyongeza ya herufi tatu. Windows 95 ilipoleta majina marefu, ilibidi itunze na jina fupi pia ili kompyuta za zamani zisichanganyikiwe. Kwa hiyo "Harusi ya Mama Mdogo Bukavu" inaandikwa mara mbili kwenye daftari, mara moja kwa kirefu na mara moja kama HARUSI~1. Mbinu hiyo ya kuandika majina mawili kwa faili moja ndiyo iliyokuwa na hataza. Hakuna anayeitamani kwa uzuri wake. Watu waliihitaji kwa sababu kila kadi ya kamera na kila flashi ilitumia FAT.

Tarehe 30 Machi 2009 TomTom ikapatana na Microsoft: ilipe, na ndani ya miaka miwili iondoe kazi zinazohusu hataza hizo mbili. Hakuna hakimu aliyeamua kama zilikuwa halali. Ujerumani mahakama zilivutana juu ya hataza ya Ulaya ya aina hiyohiyo: ikafutwa 2007, ikarudishwa 2010, ikafutwa tena Desemba 2013, wakati umri wake ulikuwa umekaribia kwisha. Huo ndio utendaji wa kufuli hii. Haihitaji kushinda mahakamani. Inatosha kwamba kampuni ndogo ikipiga hesabu ya mawakili inaona bora kulipa.

Tridgell, yuleyule wa Samba, mwaka huohuo wa 2009 alipendekeza njia ya kukwepa: Linux iandike jina refu tu, bila lile fupi linaloeleweka, ili mbinu ya majina mawili isiwepo kabisa.

Na mambo yalikuwa yanajirudia. Mwanzoni mwa 2009 kadi za kumbukumbu za aina ya SDXC, zile za zaidi ya GB 32, zilipangiwa kutumia exFAT, nayo ilikuwa na hataza zake. Miaka kumi, mtumiaji wa Linux aliyechomeka kadi mpya ya kamera ilibidi aweke programu ya pembeni, kwa sababu wengi hawakuthubutu kuiingiza kwenye mfumo mkuu. Kilichobadilisha hali hakikuwa sheria. Oktoba 2018 Microsoft, ambayo sasa biashara yake ya seva za kukodisha imejaa Linux, ilijiunga na umoja wa kutoshtakiana juu ya hataza unaoitwa OIN. Tarehe 28 Agosti 2019 ikachapisha maelezo ya exFAT na kukubali iingie Linux. Mwaka 2021 msomaji kamili wa NTFS akaingia pia, kazi ya kampuni ya Paragon. Mlango ulifunguliwa na mwenye mlango, kwa hiari yake, alipoona unamfaa.

Ubelgiji yenyewe, na nyumbani

Mahakama hazikulala. Mei 2012, katika kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba kazi inayofanywa na programu, na muundo wa faili zake za data, havilindwi na hakimiliki ya programu. Na tarehe 6 Oktoba 2021 ikaja kesi iliyotoka kwetu kabisa. Kampuni ya Top System iliishtaki serikali ya Ubelgiji kwa sababu Selor, ofisi iliyokuwa ikisimamia mitihani ya kazi za serikali, ilifungua programu iliyouziwa ili kuzima sehemu yenye kasoro. Wengi wetu tumewahi kufanya mitihani ya Selor, sivyo? Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliuliza Luxembourg, na jibu likawa: mnunuzi halali anaweza kuifungua programu kurekebisha makosa yanayoizuia kufanya kazi yake, kwa kadiri inavyohitajika, huku akiheshimu masharti ya mkataba.

Afrika Mashariki haikukaa nje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka ruhusa ya kufungua programu ili kupata habari za kuiwezesha kufanya kazi na programu nyingine. Na mwaka 2004, mwaka uleule wa uamuzi wa Monti, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kuomba kampuni ya mbali ruhusa ya kuandika "faili" badala ya neno la kigeni.

Kwa hiyo?

Ukipanga miaka hii thelathini unaona hivi. Hakimiliki Ulaya iliacha nafasi ya kuelewana tangu 1991. Siri ilivunjwa kwa seva, baada ya miaka tisa ya kesi na watu wachache waliokataa kununuliwa. Kwa hataza, kile kifungu cha Bunge cha 2003 cha kuruhusu kuelewana hakikupita. Leo diski yako ikifunguka kwenye Linux, ni kwa sababu baadhi ya hataza zimezeeka na mwenye nyingine amebadili biashara. Kesho mwingine akija na mfumo mpya wenye hataza mpya, huenda tukajikuta palepale.

Hili linatuhusu kuliko wengi, maana kumbukumbu zetu haziko kwenye makumbusho. Ziko kwenye diski, kadi na simu za zamani zilizopita nchi tatu. Kwa hiyo, mambo machache ya kufanya wikendi hii. Kompyuta ikikuuliza kama iifomati diski ya wazee, jibu hapana, kisha ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka, nakili kila kitu sehemu mbili, na picha na video uziweke kwenye miundo inayosomwa na kila mashine. Halafu kaa na shangazi, muulize majina ya waliomo, uyaandike. Hayo majina hayamo kwenye daftari la karani yeyote.

Na wewe je, una diski iliyogoma? Tuandikie chini hapa ni ya aina gani na ilitoka wapi. Kwenye kipindi kijacho tutakuwa na fundi, na tutampelekea maswali yenu.